Nchi Ikijitoa, Miaka Yetu ya Kazi Inakwenda Wapi?



Tarehe 7 Juni 2025, katika mkutano wa wakuu wa nchi uliofanyika Malabo, Guinea ya Ikweta, Rwanda ilitangaza kujitoa katika Jumuiya ya Uchumi ya Nchi za Afrika ya Kati, ile ambayo wengi wetu twaijua kwa herufi zake za Kifaransa, CEEAC. Sababu iliyotolewa ni kwamba zamu ya Rwanda ya kushika uenyekiti ilirukwa, na kwamba Kongo iliitumia Jumuiya hiyo kwa faida yake ikisaidiwa na baadhi ya wanachama. Kongo nayo ina maneno yake, na yanajulikana. Ukurasa huu si mahakama, nasi hatutaamua kesi hiyo.

Kilichotufanya tushike kalamu ni mabishano yaliyofuata. Sisi wa Busasamana ni watu wa mpakani. Twalima viazi na pareto kwenye udongo mweusi wa volkano, na vijana wasiopata shamba huondoka. Wako waliovuka kwenda Goma, wako waliofika Brazzaville, Libreville na Douala. Tangu siku ile ya Malabo, kila simu inayotoka huko imekuja na ubishi. Jumapili baada ya sala, au jioni kwenye kibanda cha kupokelea fedha za simu, tumewasikia wakibishana wao kwa wao, nasi tukiwa katikati tumeshika simu kama mashahidi.

Upande mmoja wasema: Vizuri. Nchi haiwezi kukaa mezani inapotukanwa, ikalipa na ada juu yake. Huko tuliko walikuwa wakituuliza kwa dharau mbona mnavumilia, sasa twatembea kichwa juu.

Upande wa pili wasema: Nyinyi mnatembea kichwa juu kwa sababu karatasi zenu za ukaazi bado ni mpya. Ngojeni zimalizike. Tukienda kwenye dirisha la uhamiaji tutaitwa watu wa nchi iliyotoka, na mwenye nyumba naye atapandisha kodi kwa sababu hiyo hiyo. Waliotia saini Malabo hawalali hapa tunapolala.

Wote wawili twawaheshimu. Mtu aliye ugenini ana haki ya kuionea nchi yake fahari, na ana haki ya kuogopa. Ila katika mabishano yote hayo tuliyoyasikia, hakuna hata mmoja aliyeuliza swali ambalo sisi wa chama tuna wajibu wa kuliuliza: miaka aliyofanya kazi nchi ya watu itahesabiwa na nani?

Mnajua hesabu ilivyo hapa Rwanda. Ili mfanyakazi apate pensheni ya kila mwezi, hana budi kuwa amechangiwa miaka 15. Akiwa na pungufu hapati pensheni, hupewa kiasi cha mara moja tu kisha ameagana na mfuko. Na mchango wenyewe umeongezeka. Tangu Januari 2025 umetoka asilimia 6 ya mshahara ukafika 12, nusu yake mwajiri na nusu yake sisi. Kila mmoja wetu aliiona tofauti ile kwenye karatasi ya mshahara, na maneno yaliyosemwa siku ile hayafai kuandikwa hapa.

Basi mchukueni mtu aliyefanya kazi miaka 9 upande wa Kongo na miaka 8 upande huu. Amevuja jasho miaka 17. Kama nchi hizo mbili zina mkataba wa kujumlisha miaka, huyo ni mzee wa pensheni. Kama hazina, au mkataba upo lakini hakuna karani anayeujibu, huyo si mzee wa pensheni mahali popote. Huku ana 8, kule ana 9, na kila upande unamwambia hajatosha. Watu wa namna hiyo twawajua kwa nyuso zao. Mmoja alivuka akiwa kijana, enzi za Zaire, akafanya kazi kwenye mashamba ya huko, akarudi, akaingia kiwandani. Alipozeeka, ofisi iliyokuwa na faili zake ng'ambo ilikuwa imekwisha kufungwa. Leo analima viazi vya watu.

Na ajabu ni kwamba dawa ya ugonjwa huu ilikwisha kupikwa, tena hapa hapa kwetu. Tarehe 20 Septemba 1976 Rwanda, Burundi na Zaire zilitia saini Gisenyi mkataba wa Jumuiya ya Kiuchumi ya Nchi za Maziwa Makuu, CEPGL, na makao yake yakawekwa mjini Gisenyi. Mwaka 1978 nchi hizo tatu zikakubaliana juu ya hifadhi ya jamii, kwamba miaka ya michango ya mfanyakazi katika nchi moja ihesabiwe katika nchi nyingine. Mwaka 1985 likaja patano la watu na mali kupita kwa uhuru. Wazee wetu wanaikumbuka lesepase ya CEPGL. Benki ya maendeleo ilikuwa Goma, utafiti wa kilimo Gitega, na umeme wa Ruzizi II ulisimamiwa kutoka Bukavu.

Hakuna nchi iliyotangaza kujitoa CEPGL. Baada ya mwaka 1994 na vita vilivyofuata, ililala tu. Mwaka 2007 iliamshwa, ikafumbua jicho moja. Kwa hiyo ndugu zetu wanaobishana juu ya kutoka na kubaki wajue kwamba jumuiya yaweza kufa bila mtu yeyote kutoka, na mfanyakazi akapoteza vile vile.

CEEAC yenyewe hatukuiingia jana. Ilianzishwa Libreville mwaka 1983 nasi tukiwamo, tukatoka mwaka 2007, tukarudi mwaka 2016, na mwaka 2025 tukatangaza kutoka tena. Wakubwa hutoka na kuingia kwa barua. Kijana wa Busasamana aliyeko Libreville hawezi kuhama na kurudi kila barua inapoandikwa.

Wako watakaotuambia kwamba CEEAC haikumsaidia mfanyakazi kitu. Sehemu kubwa ni kweli. Agosti 2025 serikali ya Gabon ilitangaza kwamba kazi kadhaa ndogo, kama duka la mtaani, kutengeneza simu na kunyoa nywele, ni za raia wa Gabon tu, na tangazo hilo liliwagusa hata watu wa nchi ambazo ni wanachama kamili. Lakini jambo hili latuonyesha kwamba kadi ya uanachama peke yake si ngao. Ngao ni maandishi yanayomtaja mfanyakazi, mshahara wake na miaka yake, yenye ofisi ya kuyasimamia.

Kama hamtuamini, waulizeni wenzetu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza. Ile ilivunjika katikati ya mwaka 1977. Reli, bandari, posta na ndege zilikuwa za nchi tatu kwa pamoja, na wafanyakazi vile vile: Mkenya alikuwa Arusha, Mtanzania alikuwa Nairobi, Mganda alikuwa Mombasa. Serikali zilianza kushindana juu ya injini na majengo, na mgawanyo haukutiwa saini mpaka Mei 1984, Kenya ikipata asilimia 42 ya mali, Tanzania 32 na Uganda 26. Pensheni za wafanyakazi ziliingizwa humo humo kama mkia wa mgawanyo, kila nchi ikiahidi kulipa watu wake. Nchini Tanzania wastaafu hao walikwenda mahakamani, na mwaka 2005 ndipo serikali ilipokubaliana nao kuwalipa, miaka 28 baada ya Jumuiya kuvunjika. Malalamiko hayakuishia hapo. Wengi walikuwa wamekwisha kuzikwa.

Sasa tazameni Ulaya. Waingereza walipopiga kura ya kutoka Umoja wa Ulaya mwezi Juni 2016, kulikuwa na Waingereza wengi sana waliokuwa wakiishi Hispania, Ufaransa na kwingineko, na wale waliokuwa wamekaa nje zaidi ya miaka 15 hawakuruhusiwa hata kupiga kura hiyo. Nao walibishana kama vijana wetu wa Brazzaville, ndugu na ndugu hawakusemezana. Lakini pamoja na kubishana walijikusanya, wakaandika barua, wakagonga milango ya wabunge, na wenzao wa Poland na Romania waliokuwa viwandani na mashambani Uingereza wakafanya hivyo hivyo. Nchi ilipotoka tarehe 31 Januari 2020, mkataba wa kutoka ulikuwa na sehemu nzima juu yao: aliyekuwa akiishi pale kihalali mpaka mwisho wa mwaka 2020 abaki na haki ya kukaa na kufanya kazi, na miaka yake ya michango ijumlishwe. Hatusemi hawakusumbuliwa. Twasema karatasi ilikuwapo kabla ya mlango kufungwa.

Afrika ya Magharibi iko katikati ya mifano hiyo miwili. Mali, Burkina Faso na Niger zilitoka ECOWAS tarehe 29 Januari 2025. Kwenye mashamba ya kakao ya Côte d'Ivoire wamejaa watu wa Burkina Faso na Mali. ECOWAS ilitangaza siku ile ile kwamba hati zao za kusafiria ziendelee kupokewa mpaka itakapotolewa amri nyingine. Ni ubinadamu, na twaushukuru. Lakini mtu aliyeacha mke na watoto kijijini hawezi kupanga maisha yake juu ya maneno "mpaka itakapotolewa amri nyingine".

Twasema haya mapema kwa sababu mabishano hayataishia kwenye CEEAC. Rwanda na Kongo zimo zote mbili katika Jumuiya ya Afrika Mashariki ya leo, sisi tangu mwaka 2007, wao tangu mwaka 2022, na huku mpakani hatukosi kuwasikia wanaotamani mmoja wao atoke. Burundi ilifunga mpaka wake nasi Januari 2024 ingawa wote tumo. Kwa hiyo chama chetu kinadai, na kitaendelea kudai, kwamba serikali yoyote inayoingia au kutoka iweke mezani kwanza orodha ya wafanyakazi wake walioko upande wa pili, itangaze ni ofisi gani itakayohesabu miaka yao, na ule mkataba wa mwaka 1978 uamshwe na kupewa karani, hata kama wakuu hawapeani mikono. Hesabu za mifuko ya pensheni hazihitaji marais wakutane. Zahitaji makarani wawili na barua.

Kwa sasa, kila mwanachama aliyewahi kufanya kazi Kongo au Burundi, kiwandani au shambani, alete kwa mjumbe wake nakala ya karatasi za mshahara, namba ya mfuko wa huko, au hata kadi ya kazi iliyochakaa. Asiye na karatasi alete majina ya wenzake wawili waliofanya kazi naye. Wenye ndugu Brazzaville na Libreville wawapigie, na mkiisha kubishana juu ya Malabo, waambieni wapige picha karatasi zao na kuzituma nyumbani kabla hazijalowa mvua.