Usafi wa biro ufanywe mchana, mama arudi nyumbani kungali jua

Lubumbashi – Jua linapozama, wafanyakazi wa biro za katikati ya mji wanafunga milango na kukimbilia taksi-basi za Katuba, Ruashi ao Kampemba. Saa hiyo hiyo kuna wengine wanaoingia. Wanasalimia zamu mlangoni, wanabadilisha nguo, wanatoa ndoo, raklete na torsho chini ya ngazi. Wengi wao ni mama na vijana. Watatoka saa tatu ya usiku, wengine saa nne, wengine hata kupita hapo. Kesho yake patroni atakuta vigae vinang'aa, na hatajua ni nani aliyevipangusa.

Mapatroni wengi wanapenda hivyo. Wanasema mchana maji chini yanaangusha wakliya, mashini ya kufyonza vumbi inapiga makelele, na mtu mwenye ndoo katikati ya mkutano haipendezi. Sababu hizo si za uongo. Lakini zinapimwa upande mmoja tu, upande wa mwenye kiti. Upande wa mwenye ndoo haujawekwa kwenye mizani.

Kuna familia zilizokimbia vita za Mitwaba, Pweto na Manono, na nyingine zilizotoka Kivu baada ya Goma na Bukavu kuanguka mikononi mwa M23 mwanzoni mwa 2025. Mtu aliyefika mjini bila ndugu na bila diploma mkononi, kazi ya kwanza anayoambiwa ni ya kusafisha, na mara nyingi ni ya usiku. Tuseme ni mama mwenye watoto watatu, amepanga chumba kimoja Annexe. Akitoka nyumbani saa kumi na moja ya jioni, watoto wanabaki na yule mkubwa wa miaka kumi na moja. Huyo ndiye anayepika bukari, ndiye anayefunga mlango, ndiye anayesikiliza kama kuna mtu anagonga. Kijijini angewaacha kwa nyanya yao. Hapa jirani mwenyewe alifika mwezi uliopita.

Halafu kuna njia ya kurudi. Kila mukaaji wa Katuba, Ruashi, Kampemba na Annexe anajua habari za wezi wenye silaha wanaoingia usiku. Taksi-basi zinapungua mapema. Inabaki moto, na moto ya usiku haina bei ya mchana. Mushahara wa chini ambao serikali ilipanga, ile SMIG, ulikuwa franka 7,075 kwa siku tangu 2018, mpaka ulipopandishwa hadi franka 14,500 mwezi wa Mei 2025. Kuna ambao hata hiyo hawaifikii. Toa ndani yake pesa ya moto kila usiku, kisha uhesabu kinachobaki kwa unga.

Mji wenyewe ulijengwa vibaya kwa jambo hili. Wabelgiji walipouanzisha mwaka wa 1910, na katika miaka iliyofuata, walipanga mtumikaji alale mbali na biro. Kamalondo, Kenya, kisha Katuba na Ruashi ziliwekwa kando, na kati ya mji wa wazungu na mitaa ya weusi waliacha eneo tupu. Usiku mtu mweusi hakuwa na ruhusa ya kutembea mjini bila karatasi. Leo karatasi haiulizwi tena, lakini umbali umebaki. Wajukuu wa waliofukuzwa mjini usiku ndio wanaotakiwa waingie mjini usiku.

Kuhusu kazi yenyewe, usiku hausaidii kama watu wanavyofikiri. Kuanzia mwezi wa Mei mpaka mvua ya kwanza, vumbi jekundu linaingia hata kwenye dirisha lililofungwa. Meza iliyopangushwa saa tatu ya usiku, kesho yake saa nne ya asubuhi inaandikwa jina kwa kidole. Wakati wa mvua ni matope ya viatu, na hayo yanaingia mchana, si usiku. Choo cha biro ya watu hamsini kinachafuka kabla ya saa sita. Mtu aliyepo mchana anakipitia mara mbili. Yule wa usiku anakuta tayari kimewatesa watu siku nzima.

Ongeza delestaje. Umeme wa SNEL ukikatika na jenereta imezimwa kwa kuwa mabosi wamekwenda, kazi inaendelea kwa tochi ya simu. Hapo ndipo chupa zinapochanganywa. Javeli ikikutana na asidi ya kusafishia choo inatoa gazi ya klorini inayochoma macho na mapafu, na madirisha yamefungwa kwa sababu ya wezi. Mchana mtu angepiga kelele na wenzake wangemsikia.

Na kitu kikipotea? Simu, bahasha, kompyuta ndogo: anayeulizwa kwanza ni aliyebaki peke yake usiku. Anayefanya kazi machoni pa watu ana mashahidi. Tena watu wanajua jina lake, wanamsalimia, na mtu aliyemwona mama akipiga magoti kupangusa sakafu hatupi kikombe chake ovyo.

Norwe na Uswidi, kusafisha biro mchana ni jambo la kawaida kwa miaka mingi, na biashara zao hazikufungwa. Hata hapa, hospitali haingoji usiku ndipo isafishe vyumba vya wagonjwa. Salongo ya wakati wa Mobutu nayo, pamoja na ubaya wake wote, ilifanywa mchana.

Si kila mtu atafurahia mchana. Mwanafunzi wa UNILU anayesoma asubuhi anahitaji kazi ya jioni, na mama anayeuza sokoni mchana pia. Soko nalo haliwezi kufagiliwa watu wamejaa. Basi wenye kutaka usiku waulizwe, wasilazimishwe, na patroni anayewaweka usiku awarudishe nyumbani kwa gari lake. Kode ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inahesabu kuwa usiku ni kuanzia saa moja ya jioni mpaka saa kumi na moja ya alfajiri. Mageuzi ya mwaka wa 2016 yaliondoa katazo lililozuia wanawake kazi ya usiku, na hilo lilikuwa haki yao. Lakini kumruhusu mama kufanya kazi usiku si kumnyima kazi ya mchana.

Biro inayotaka kujaribu haihitaji makuta mengi. Waanze na kolidoo na vyoo saa za asubuhi, meza wakati watu wanakwenda kula, sakafu ya mapokezi kabla ya kufungua, na kibao cha kuonya kwamba chini kuna maji. Saa kumi ya jioni ndoo inarudi chini ya ngazi.

Na kwa anayeletewa kontra wiki hii, kabla ya kutia sahihi ao kidole: aulize saa ya kuingia, saa ya kutoka, na nani atakayelipa moto ya kurudi. Majibu yaandikwe kwenye karatasi ile ile.