Rekodi ni zetu, uwanja ni wa chuo cha wenyewe

Usiku wa kuamkia Jumapili, tarehe 6 Julai mwaka 2025, tulikuwa watu saba mbele ya televisheni ya jirani yangu. Mmoja wetu alikuwa mzee ambaye kandanda haimpi usingizi wala haimnyimi, lakini mbio hazimpiti. Tulimwona Beatrice Chebet akimaliza mita 5,000 kwa dakika 13 na sekunde 58.06, mwanamke wa kwanza duniani kuyakimbia masafa hayo chini ya dakika 14. Baadaye Faith Kipyegon naye akaishusha rekodi yake mwenyewe ya mita 1,500 hadi dakika 3 na sekunde 48.68. Tulipiga kelele mpaka watoto wakaamka.

Aliyetupunguzia shangwe ni yule mzee. "Mwanangu," aliniuliza, "uwanja kama huo ni wa serikali ya Marekani?"

Nikamwambia, la, mzee wangu, ni wa chuo kikuu.

"Chuo cha wanafunzi, hawa hawa wa kusoma vitabu?"

Naam, wa kusoma vitabu. Akatikisa kichwa, akaomba aongezewe chai.

Swali lake limenikaa tangu siku ile, na ndilo lililonifanya niandike haya. Uwanja huo waitwa Hayward, uko katika mji wa Eugene, jimbo la Oregon, na mwenye mali ni Chuo Kikuu cha Oregon. Ulianza mwaka 1919. Mwaka 2018 ulibomolewa, pamoja na jukwaa lake la mbao ambalo wenyeji wengi waliona uchungu kulipoteza, na mwaka 2020 ukawa umekamilika upya kwa gharama inayozidi dola milioni 200. Sehemu kubwa ya fedha hizo ilitoka kwa Phil Knight, ambaye ujanani alikuwa mkimbiaji wa chuo hicho hicho chini ya kocha Bill Bowerman. Wawili hao ndio walioanzisha biashara ya viatu ambayo leo twaijua kwa jina la Nike. Msomaji ataona jinsi mambo yanavyozunguka. Viatu huuzwa kwa sifa za wenye mbio, na wenye mbio wengi hutoka kwetu. Faida ya viatu ikajenga uwanja, na wetu wakarudi kuupa uwanja huo rekodi. Maana hata mita 10,000 za Chebet, dakika 28 na sekunde 54.14, alizikimbia hapo hapo Mei 2024.

Na si viwanja tu. Chuo cha Marekani kina idara nzima ya michezo, yenye makocha wa mishahara, madaktari wa misuli, na mwalimu wa kumkumbusha mwanariadha kwamba insha yake yatakiwa Ijumaa. Fedha nyingi za idara hiyo huletwa na kandanda ya Kimarekani na mpira wa kikapu, na riadha hula mezani pao kama mtoto wa ndugu. Kwa miaka mingi timu ya riadha ya wanaume katika vyuo vikubwa haikuruhusiwa kuzidi skolashipu 12.6, na ya wanawake 18. (Nukta sita ya skolashipu ni nini? Ni kwamba kocha hukatakata, huyu apewe nusu, yule robo.) Ukiwa na hesabu ya namna hiyo, huna nafasi ya kupoteza kwa kijana ambaye labda ataiva baada ya miaka mitatu. Wamtaka aliyekwisha kuiva. Ndipo macho ya makocha yakageukia milima ya Nandi, Keiyo na Marakwet.

Wetu walianza kwenda zamani. Stephen Machooka alikuwa akiwashinda Wamarekani katika mbio za nyika akiwa Cornell mwaka 1961, kabla bendera yetu haijapandishwa. Robert Ouko na Julius Sang walitoka chuo cha North Carolina Central, wakaenda Munich mwaka 1972 na kuleta dhahabu ya kupokezana vijiti mara nne mita 400. Baada ya hapo mlango ukawa wazi kabisa. Washington State, kule Pullman kwenye mashamba ya ngano, ikamchukua Samson Kimobwa, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 10,000 mwaka 1977, kisha Henry Rono. El Paso, mpakani mwa Mexico, ikawachukua wengi wetu na jirani zetu pia, akiwamo Mtanzania Suleiman Nyambui aliyepata fedha ya mita 5,000 Moscow mwaka 1980. Wamarekani wengine walinung'unika kwamba wanaume wazima wanashindanishwa na watoto waliotoka sekondari juzi. Manung'uniko hayo, kusema haki, hayakuwa ya uongo yote.

Je, tulipata hasara au faida? Hapa ndipo watu wa barazani hugombana. Mimi sipendi kulijibu swali hili kwa neno moja, maana nawaona watu wawili mbele yangu.

Wa kwanza ni Henry Rono. Mwaka 1978, akiwa mwanafunzi, alivunja rekodi nne za dunia kwa siku 81: mita 5,000 huko Berkeley katika mashindano ya vyuo, kuruka viunzi na maji huko Seattle, mita 10,000 Vienna, na mita 3,000 Oslo. Hakuna aliyefanya hivyo kabla yake wala baada yake. Lakini Olimpiki hakuikimbia hata moja, kwa sababu Kenya ilisusia Montreal mwaka 1976 na Moscow mwaka 1980. Miaka yake ya mbio ilipokwisha, pombe ikamshika; mwenyewe aliyasimulia hayo bila kujificha. Bingwa huyo alifika mahali pa kubeba mizigo ya abiria katika uwanja wa ndege wa Albuquerque. Alirudi nyumbani mwaka 2019, mzee tayari, akafariki Februari 2024.

Wa pili ni Mike Boit, mwenye shaba ya mita 800 ya Munich. Naye alikwenda kwa njia hiyo hiyo, akaanzia Eastern New Mexico, akasoma Stanford, kisha Oregon, penye uwanja huo huo wa Hayward. Olimpiki za 1976 na 1980 zilimpita kama zilivyompita Rono. Lakini Boit alirudi na vyeti. Amekuwa Kamishna wa Michezo, amekuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Kenyatta, na kuna walimu wengi wa michezo nchini waliopita mikononi mwake.

Tusiseme mmoja alikuwa na akili na mwingine hakuwa nayo. Kusema hivyo ni kumkosea marehemu. Lakini chuo ni mahali pa kubadilishana. Kijana hutoa miguu yake, naye hupewa elimu. Miguu huchukuliwa siku ya kwanza. Elimu sharti aidai mwenyewe, kila wiki, huku kocha akimtaka akimbie mbio za nyika majira ya vuli, za ukumbini wakati wa baridi, na za uwanjani masika. Asiyejua kudai hurudi na medali za vyuo ambazo hapa kwetu haziwezi hata kununua mbuzi.

Wako waliodai. Paul Ereng alikwenda Virginia akiwa mkimbiaji wa mita 400. Huko akaambiwa ajaribu 800, na mwaka huo huo wa 1988 akachukua dhahabu ya Olimpiki mjini Seoul. Baadaye akawa kocha El Paso, na kule akamlea Emmanuel Korir, aliyetwaa dhahabu ya masafa yale yale katika Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021. Wesley Korir alisoma elimu ya viumbe Louisville, akashinda Boston mwaka 2012, na mwaka uliofuata wana Cherangany wakampeleka Bunge. Wako pia tuliowapoteza, ikiwa kupotea ni neno la haki. Bernard Lagat, mtoto wa Washington State, alipata fedha Athens mwaka 2004 kwa rangi zetu, na dhahabu mbili Osaka mwaka 2007 kwa rangi za Marekani. Siwezi kumlaumu mtu kwa kupapenda mahali palipomlea.

Na hapa kwetu nani amlea? Tangu enzi za Kipchoge Keino pale Kiganjo, kazi ambayo kwa Wamarekani hufanywa na vyuo, kwetu imefanywa na polisi, jeshi na magereza. John Ngugi, aliyeshinda mita 5,000 kule Seoul, alikuwa askari. Mpango huo umetupa medali na umewapa vijana mshahara, nao naushukuru. Lakini haukumpa kijana kitabu, na uliviacha vyuo vyetu vikidhani michezo ni mapumziko baina ya vipindi.

Nilisoma katika chuo kimoja cha hapa nchini ambacho sitakitaja. Njia za kukimbilia zilichorwa kwa chokaa mara moja kwa mwaka, wiki ya mashindano. Mvua ikinyesha, twachora tena. Siku moja mwenzetu wa hesabu aliupima mzunguko kwa kamba akakuta haufiki mita 390. Ndipo tukajua kwa nini sote tulikuwa na saa nzuri mno! Alikuwako pale kijana wa mita 800, mtu wa kweli, ambaye mtihani wake uligongana na mashindano ya taifa. Aliomba aufanye siku nyingine. Akaambiwa achague. Alichagua mtihani, akafaulu vizuri, na viatu vyake vya misumari akavigawa.

Sisemi tujenge Hayward. Vyuo vyetu vya umma vimelemewa na madeni, na kule Iten kwenyewe uwanja wa Kamariny ulifungwa kwa ajili ya matengenezo yakaja kukwama miaka na miaka. Ninachosema ni kidogo: mzunguko wa udongo uliopimwa sawasawa, kocha mmoja anayelipwa, na kanuni ya mtihani inayomtambua anayeiwakilisha nchi. Hayo ya mwanzo yataka fedha kiasi. La mwisho lataka sahihi ya mtu mmoja.

Wakati huohuo soko la ng'ambo limezidi kuwaka. Doris Lemngole wa Alabama ametwaa taji la mbio za nyika za vyuo na la kuruka viunzi na maji pia, jambo la kufurahisha kwa kuwa zamani barua hizi ziliandikiwa wavulana tu. Na tangu Julai 2025 vyuo vya Marekani vimeruhusiwa kuwalipa wanamichezo wao fedha taslimu, ingawa mgeni mwenye viza ya masomo amewekewa masharti makali kuhusu kazi na malipo.

Nayasema haya kwa sababu mpwa wangu, aliyemaliza kidato cha nne, amepata barua ya namna hiyo. Baba yake alitaka kuuza ng'ombe wa nauli siku ile ile. Niliiomba nikaisoma mara mbili. Ukurasa mzima wasifu uwanja, chumba cha kunyanyulia vyuma na mabwawa ya maji baridi ya kutuliza misuli. Juu ya masomo kulikuwa na mistari miwili. Tumeandika kuuliza atasoma nini, na kama akiumia mguu ataendelea kusoma. Ng'ombe bado yuko zizini.