Meli ikizamishwa makusudi, nani anafaidika?

Ukisikia meli imezama, unawaza nini? Ajali, si ndio? Basi jua kuna meli zinazozamishwa makusudi, na moja iko hapa kwetu, nje kidogo ya ufuo wa Mombasa.

Inaitwa MV Dania. Zamani ilikuwa ikisafirisha mifugo. Mwaka wa 2002 ilizamishwa, na sasa imelala takriban mita 30 chini ya maji. Vyuma vyake vimeota matumbawe, samaki wamehamia ndani, na wapiga mbizi hulipa pesa nzuri kuitembelea.

Wazo lenyewe ni rahisi. Matumbawe machanga huelea majini yakitafuta mahali pagumu pa kujishikiza. Kwenye mchanga mtupu hayapati. Weka chuma pale, yatashika. Samaki wadogo watapata maficho, na wakubwa watafuata chakula.

Marekani walipanga kulifanya jambo hili kwa kishindo. Kaunti ya Okaloosa, Florida, ilinunua SS United States, meli ya abiria ya takriban mita 300 iliyovunja rekodi ya kasi ya kuvuka Atlantiki mwaka wa 1952. Februari 2025 ilivutwa kutoka Philadelphia ili ikaandaliwe kuzamishwa. Mpango mzima unagharimu zaidi ya dola milioni 10. Usidhani pesa hizo zinatolewa kwa kuwahurumia samaki. Kaunti inatarajia watalii.

Lakini tusidanganyane. Kwanza, wanasayansi bado wanabishana kama meli huongeza samaki ama huwakusanya tu kutoka kwingine. Ikiwa huwakusanya tu, na hakuna anayezuia nyavu, basi tumewarahisishia wavuvi kazi ya kuwamaliza.

Pili, kuna uchafu. Miaka ya 1970, huko huko Florida, watu walitupa baharini tairi kama milioni 2 wakisema wanajenga makao ya samaki. Kamba zilikatika, tairi zikasambaa na kugonga matumbawe ya asili. Kazi ya kuzitoa imechukua miaka na miaka.

Tatu, joto. Mwaka wa 1998 maji yalipopata joto kupita kiasi, matumbawe mengi ya Pwani yetu yalipauka na kufa. Chuma hakipozi bahari.

Sasa tuje kwako. Cheti cha kwanza cha kupiga mbizi hukuruhusu kushuka mita 18 pekee. Kufika sakafuni ilikolala Dania lazima usomee kingine, na mafunzo hayo si bei ya mboga. Ndio maana kijana wa Kisauni anaweza kukua karibu na meli hii na asiwahi kuiona, huku mtalii akiiona siku ya tatu ya likizo yake.

Tena kuna njia isiyohitaji meli. Kule Kuruwitu, Kilifi, wakazi wenyewe walifunga sehemu ya bahari yao isivuliwe, na samaki wakarudi.

Kwa hivyo kiongozi akija kukuahidi meli kwa jina la uchumi wa majini, muulize: Nani ataisafisha? Nani atazuia nyavu? Na vijana wangapi wa hapa watalipiwa mafunzo? Asipokuwa na majibu, anachozamisha ni chuma chakavu tu, mahali ambapo hutakiona.