Rais Mgonjwa Hupimwa, Gavana Mgonjwa Hushtakiwa

Katiba ya Kenya ya 2010 ilimfikiria rais mgonjwa kwa makini kuliko wengi wetu tunavyojua. Chini ya Kifungu cha 144, mbunge anayeungwa mkono na robo ya wabunge wote anaweza kuleta hoja ya kuchunguzwa kama rais hawezi tena kazi, iwe kwa udhaifu wa mwili au wa akili. Hoja ikipita kwa wingi wa wabunge wote, Spika humwarifu Jaji Mkuu ndani ya siku 2, naye ana siku 7 za kuunda jopo la watu 5: madaktari 3, wakili 1, na mtu 1 ambaye rais anamteua mwenyewe, au jamaa yake amteue ikiwa rais hawezi hata hilo. Jopo lina siku 14. Likisema rais ni mzima, mjadala umekwisha. Likisema hawezi, wabunge hupiga kura.

Uangalifu huo una historia. Mwaka 1976 wanasiasa walipozunguka wakitaka Katiba ibadilishwe ili makamu asishike nchi kwa siku 90 rais akifariki, Mwanasheria Mkuu Charles Njonjo aliwaonya kwamba kuwaza kifo cha rais ni kosa la kunyongewa. Jomo Kenyatta alifariki Mombasa tarehe 22 Agosti 1978, na zile siku 90 zikamfungulia makamu wake, Moi, mlango wa miaka 24. Mwai Kibaki naye aliapishwa tarehe 30 Desemba 2002 akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Wiki chache baadaye akalazwa hospitalini, na wananchi wakabaki wakiokota fununu.

Kifungu cha 144 hakijatumika hata mara moja. Mtihani ambao waandishi wa Katiba waliutazamia Ikulu ulikuja kwingine, Homa Bay na Migori, na huko haukukuta jopo wala daktari.

Cyprian Awiti alichaguliwa gavana wa Homa Bay mwaka 2013 na tena 2017. Muhula wa pili ulianza vibaya: Oyugi Magwanga alipinga matokeo, Mahakama Kuu ikabatilisha uchaguzi mwaka 2018, na Awiti akarudishiwa ushindi na Mahakama ya Juu mwaka 2019. Kisha yakaja maradhi. Gavana hakuonekana hadharani kwa vipindi virefu, na shughuli za kila siku zikawa juu ya naibu wake, Hamilton Orata. Kaunti ilisubiri mahakama, kisha ikasubiri hospitali, hadi Gladys Wanga alipochukua ofisi Agosti 2022 akiwa na naibu ambaye, kwa mzaha wa siasa, ni Magwanga yule yule.

Kwa macho ya sheria hakukuwa na pengo. Kifungu cha 179 kinasema gavana asipokuwepo, naibu hukaimu. Lakini Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inamfunga mikono huyo kaimu: haruhusiwi kutumia mamlaka ya gavana ya kupendekeza, kuteua au kufuta kazi. Kwa safari ya siku tatu, hilo ni jambo la busara. Kwa miezi na miezi ya ugonjwa, maana yake ni kwamba waziri wa kaunti anayezembea anajua fika kuwa anayemwamrisha hawezi kumtoa. Sheria haikutenganisha hali hizi mbili. Zote inaziita kutokuwepo.

Migori ilituonyesha kutokuwepo kwa aina nyingine. Septemba 2018 Gavana Okoth Obado alikamatwa kuhusiana na mauaji ya mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Rongo, mashtaka aliyoyakana, akakaa rumande hadi alipopata dhamana Oktoba. Naibu wake, Nelson Mahanga Mwita, ni Mkuria katika kaunti yenye Waluo wengi zaidi. Kila anayejua siasa za Migori anajua hesabu yake: mgombea Mluo huhitaji kura za Kuria Mashariki na Kuria Magharibi, na kiti cha naibu ndiyo bei. Mgombea mwenza hutafutwa kwa ajili ya siku ya kupiga kura, lakini Katiba inamchukulia kuwa mrithi. Siku gavana alipolala korokoroni, hesabu ya kura ikageuka ghafla kuwa swali la nani anatawala.

Kifo, ajabu, tunakimudu. Nyeri ilizika magavana wawili mwaka 2017, Bomet ikampoteza Joyce Laboso Julai 2019, na kila mara naibu aliapishwa bila vurugu. Ni ugonjwa unaotushinda. Kifungu cha 181 kinataja kutojiweza kwa mwili au akili kuwa sababu ya kumwondoa gavana, lakini kimeipanga pamoja na uhalifu na matumizi mabaya ya ofisi, na sheria ya 2012 ikazipa zote njia moja: thuluthi ya wawakilishi wadi walete hoja, thuluthi mbili waipitishe, kisha Seneti isikilize. Mgonjwa anapelekwa Nairobi kama mtuhumiwa. Mwakilishi wadi anayekataa kumfanyia mzee hivyo simwiti mwoga. Heshima yake inaeleweka. Lawama yangu ni kwa sheria iliyomwachia chaguo baya namna hiyo.

Wapo wanaosema ukimpa kaimu meno, atamng'ata bosi wake. Hoja hiyo ina uzito, hasa upande huu wa nchi. Siaya, naibu gavana William Oduol aliponea kuondolewa na Seneti mwaka 2023. Kisii, Robert Monda hakuponea mwaka 2024. Magavana na manaibu huchaguliwa kwa tiketi moja na kuamka maadui. Na wawakilishi wadi wakipewa nafasi ya kuhoji afya ya gavana, wengine wataigeuza kuwa mtego wa kudai miradi.

Ndiyo maana ningeanza na daktari, si na mwanasiasa. Jopo kama la Kifungu cha 144, likiteuliwa na Jaji Mkuu, lingewanyima wanasiasa nafasi ya kubuni ugonjwa. Na kizuizi cha kuteua na kufuta kiwe na kikomo: nionavyo mimi, siku 60 zinatosha, kisha naibu apate mamlaka kamili hadi gavana athibitishe kwa maandishi kuwa amerudi kazini.

Kukabidhi na kurudishiwa si jambo geni kwetu. Oktoba 2014, akielekea The Hague, Rais Uhuru Kenyatta alimwachia naibu wake, William Ruto, madaraka kwa tangazo rasmi, akaenda, akarudi, akayachukua. Gavana anayekwenda kufanyiwa upasuaji mkubwa leo hana njia kama hiyo ya kukabidhi madaraka yake yote kwa muda. Anaweza kumwandikia spika wa bunge la kaunti barua ya kujiuzulu na kupoteza kila kitu, au anaweza kunyamaza na kuacha ofisi ijiendeshe.