Kiti Kimoja cha Kwenda Mburo

Kampala ni mji uliopewa jina la mnyama. Masimulizi ya Buganda yanasema Kabaka alikuwa na kundi la swala pala waliokuwa wakila nyasi kwenye kilima kinachoitwa leo Old Kampala. Waingereza wakakitambua kilima kwa swala wake, impala. Kwa Kiganda ikawa Kasozi k'Empala, na mwishowe Kampala. Kapteni Lugard alijenga ngome yake juu ya kilima hicho mwaka 1890. Sasa pamesimama Msikiti wa Taifa, na wageni hupanda mnara wake kuuangalia mji ulivyotapakaa juu ya vilima. Swala hakuna hata mmoja.

Mnyamapori ambaye mkazi wa Kampala hukutana naye kila siku ni kaloli, yule korongo mkubwa mwenye upara na mfuko shingoni, asimamaye juu ya jalala kama mzee anayesubiri kesi. Wengine wote huwaona kwenye picha. Korongo mwenye taji na swala kob wamo katika nembo ya taifa tangu 1962, na mtoto wa darasa la kwanza huwachora kwenye daftari. Akibahatika, shule itampeleka mara moja kwenye bustani ya wanyama ya Entebbe, iliyoanza mwaka 1952 kama makao ya wanyama waliookolewa. Atamwona simba akiwa nyuma ya waya, kisha atakua, atafanya kazi, atazaa, na huenda asimwone tena.

Si kwamba nchi haina pa kwenda. Uganda ina hifadhi za taifa 10, na swala pala wenyewe wako Ziwa Mburo, hifadhi iliyo karibu kuliko zote kwa mtu anayetoka Kampala kwa barabara: kilomita 240 hivi kupitia Masaka na Lyantonde. Wapo pia punda milia, nyati, viboko na pofu. Twiga 15 waliletwa kutoka Murchison mwaka 2015, na wamezaana. Zaidi ya hayo, Mburo mgeni anaruhusiwa kutembea kwa miguu porini akiongozana na askari mwenye bunduki, jambo ambalo hifadhi nyingi za simba na tembo haziwezi kulitoa.

Wanaoeleza kwa nini Waganda hawatembelei hifadhi hutaja kiingilio. Lakini mwananchi wa Afrika Mashariki analipa langoni pesa isiyofika dola 10, wakati mgeni wa ng'ambo analipa kama dola 40. Familia nyingi za Kampala hutumia zaidi ya hapo kwa nyama choma na soda Jumapili moja. Kizuizi ni gari. Basi la Mbarara litamshusha abiria Sanga, kando ya barabara kuu, na boda boda itamfikisha langoni. Baada ya hapo ziko kilomita nyingi za vumbi ambazo mtu anapaswa kuzipita ndani ya gari, na gari la kukodi, pamoja na dereva na mafuta ya siku mbili, linaweza kumaliza mshahara wa mwezi wa mwalimu wa shule ya msingi. Utalii wetu ulipangwa kwa ajili ya watu wanne ndani ya Land Cruiser moja waliokwisha kulipia kila kitu kabla ya kupanda ndege. Mama muuzaji wa soko la Owino hakufikiriwa.

India waliliona tatizo hili la gari. Mwaka 1973 nchi hiyo ilianzisha mpango wa kumwokoa chui milia, ikianza na hifadhi tisa, Ranthambore ya Rajasthan ikiwamo. Ukienda Ranthambore leo, utakuta jipu za watu sita, na pembeni yake magari makubwa ya wazi yenye viti 20, ambayo wenyewe huyaita kanta. Nafasi zinauzwa kiti kwa kiti. Karani aliyetoka Jaipur na wanawe wawili ananunua viti vitatu, anaketi na watu asiowajua, na wote kwa pamoja wananyamaza ghafla chui milia anapokatiza njia. Wengi wa wanaoingia humo ni Wahindi wenyewe.

Kuuza kiti ni jambo ambalo Kampala inalijua kuliko mji wowote. Taksi za viti 14 zinaendeshwa hivyo tangu alfajiri hadi usiku, na hakuna abiria anayeambiwa akodi gari zima ili afike Ntinda. Nairobi nako, Shirika la Wanyamapori la Kenya liliwahi kuendesha basi la Jumapili kutoka katikati ya jiji hadi ndani ya hifadhi ya jiji hilo, iliyoanzishwa mwaka 1946.

Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda, yenye ofisi zake hapa hapa Kampala, Kamwokya, kwenye barabara ya Kira, ingeweza kufanya vivyo hivyo. Kampeni ya Tulambule imewahimiza wananchi watembelee nchi yao, na ni jambo jema, ila tangazo halina magurudumu. Kinachotakiwa ni basi moja la kuanzia, linaloondoka Kampala kila Jumamosi kabla ya jua kuchomoza, lenye bei inayojulikana na tiketi inayonunuliwa kwa simu, liingie hifadhini na abiria wake na kuwarudisha usiku. Klabu za Wanyamapori za Uganda zipo shuleni tangu 1975. Watoto wao wangejaza viti vya muhula mzima.

Historia ya Mburo yenyewe inadai kwamba wananchi waingie hifadhini. Serikali ya Obote ilipoitangaza kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1983, wafugaji wa Kihima waliokuwa wakiishi humo na ng'ombe wao waliondolewa kwa nguvu. Serikali hiyo ilipoanguka mwaka 1985, walirudi. Wahifadhi walifukuzwa, majengo yakabomolewa, na wanyama wakauawa kwa wingi, kwa nia kwamba wakiisha hifadhi nayo itaisha. Kosa la wanyama lilikuwa kwamba ndio waliotumiwa kuwafukuzia watu. Eneo likapunguzwa sana, hadi kilomita za mraba 370 za leo, na kutokana na machungu hayo na mengine kama hayo ulikuja utaratibu wa kuwapa majirani asilimia 20 ya viingilio, ambao umo katika sheria tangu 1996. Kwa hiyo kila Mkampala anayelipa langoni anamlipa pia mfugaji wa Sanga. Kipindi cha korona, mipaka ilipofungwa na wageni wakakatika, pesa hizo zilipungua mno. Hifadhi inayotegemea viwanja vya ndege vya wengine haina pumzi ya akiba.

Kuna hofu ya kweli kwamba watu wengi watamsumbua mnyama. Mahakama ya Juu ya India ilisimamisha utalii ndani ya maeneo ya kati ya hifadhi za chui milia mwaka 2012, ikauruhusu tena baada ya miezi michache chini ya masharti. Masharti yawekwe na hapa pia: idadi ya magari, njia, muda. Lakini basi moja la watu 30 linachukua nafasi ndogo barabarani kuliko jipu nane za watu wanne wanne.

Wiki hii kama wiki zote, mabasi ya Mbarara yanapita Sanga yakiwa yamejaa. Mara nyingine punda milia hujichanganya na ng'ombe wa Ankole wenye pembe ndefu, hatua chache tu kutoka kwenye lami. Abiria wa upande wa dirisha humgusa mwenzake bega amwonyeshe. Mwenzake anapoinua kichwa, basi limekwisha kupita.