Ngazi ya Mzee Kumbakumba

BARAZANI, na Bin Mtaa

Jumanne asubuhi, maiti ya Mzee Kumbakumba ikiwa bado ndani, kijana wake mkubwa alinivuta pembeni ya turubai. "Kaka, wewe ndiye mwandishi. Tuandikie wasifu wa mzee, ukurasa mmoja tu, usomwe kabla hatujaenda msikitini." Nikavuta kiti cha plastiki, nikaweka daftari la rambirambi mapajani kuwa meza, nikaandika. Kazaliwa Rufiji. Kaja Dar es Salaam kijana. Kaajiriwa udereva UDA, shirika la mabasi la jiji. Kastaafu. Kaugua. Ameacha mjane, watoto sita, wajukuu kumi na saba na vitukuu wawili. Mwenyezi Mungu amlaze mahali pema.

Ukasomwa, watu wakaitikia amina. Kila mstari ulikuwa kweli, ila mzee mwenyewe hakuwamo. Nimesikia wasifu za marehemu wengi mjini hapa na nyingi zimeandikwa kama barua ya kuombea kazi, utadhani huko aendako kuna meneja anataka kujua alisoma wapi na alipanda cheo lini. Nami nikaandika hivyohivyo, miaka yote hii ya kushika kalamu. Sasa kwa kuwa safu ni yangu na hakuna wa kunibana ukurasa mmoja (mhariri asinisikie), niandike niliyoyaacha.

Jina la Kumbakumba tulimpa sisi watoto wa Magomeni Makuti. UDA ilipoanza mwaka 1974 alikuwa miongoni mwa madereva wake, na baadaye akakabidhiwa yale mabasi marefu ya Ikarus kutoka Hungaria, mabehewa mawili yaliyoungwa katikati kwa mpira uliokunjamana kama kodiani. Mjini yaliitwa kumbakumba kwa sababu yalizoa abiria kituo kizima. Sisi tulikuwa tukilipanda basi lake si kwa safari bali kwa kusimama pale kwenye mpira, basi likikata kona sakafu inazunguka chini ya miguu. Akitugundua kwenye kioo alipiga honi moja fupi, maana yake shukeni kituo kinachofuata mrudi nyumbani kwa miguu. Daladala ziliporuhusiwa mwaka 1983 alizidharau mpaka mwisho wa maisha yake. Nauli ya daladala ilikuwa shilingi tano, ile sarafu iliyoitwa dala, na yeye alisema hilo si basi, ni sarafu yenye magurudumu.

Miaka ile vitu vilikuwa adimu. Sukari kwa foleni, sabuni kwa foleni, mkate kwa kujuana. Mzee akitoka zamu ya usiku alikuja na mkate mmoja umefungwa kwenye gazeti. Hakuukata kwa kisu, alisema kisu kinamwaga makombo na makombo ndiyo shibe ya mtu wa mwisho. Alichukua uzi wa kushonea, akaushika ncha mbili, akaupitisha polepole kwenye mkate kama anayepima kitambaa. Vipande vinane. Watoto wake walikuwa sita. Cha saba kilikuwa changu na cha nane cha mdogo wangu, kwa kuwa baba yetu alikuwa safarini na safari yenyewe haikuwa na tarehe ya kurudi. Hakuna siku aliyotuita tukale. Alikata tu vinane, akaviacha kwenye sinia uani, akaenda kulala. Mtoto mwenye akili anajua kuhesabu.

Kuna jambo jingine ambalo wanaume wa kijiweni hawakulipenda. Mkewe alipougua mgongo, mzee mwenyewe alifua khanga za mkewe, uani, mchana kweupe, wapangaji wanapita. Ni nyumba ya Kiswahili ile, vyumba vitatu huku na vitatu kule, ukumbi katikati, choo na jiko nyuma, kwa hiyo hakuna siri. Wakamsema: amelishwa limbwata huyo. Jioni alikwenda kijiweni na kikombe chake cha kahawa chungu, akawaambia, "Kweli nimelishwa. Miaka kumi na minne nalishwa asubuhi na jioni, na ninyi mnaokula kwa mama ntilie lazima muone wivu." Wakacheka, lakini mmoja wao, jina nalihifadhi, wiki iliyofuata alionekana akianika nguo.

Msidhani naandika habari za malaika. Alikuwa mwizi wa bao hadharani, kete zilimhamia kiganjani kama zimeitwa. Hadithi ya siku breki zilipomkatikia mteremko wa Kigogo nimeisikia mara zisizohesabika, na kila mara abiria waliongezeka. Na alikuwa mtu wa kisirani. Jirani wa nyuma alipojenga ukuta na geti akaziba njia ya kupitia uani, mzee aliacha kumsalimia kwa miaka miwili. Salamu hana, ila ngazi alimwazima.

Hiyo ngazi sasa. Aliichonga mwenyewe, mbao ngumu, vipago kumi na viwili, kipago cha tatu kimefungwa waya. Mtaa mzima uliitegemea: bati linavuja, embe limeiva juu, taa ya ukumbini imeungua, paka ameng'ang'ania paa. Nyuma ya mlango wa mbele, kwenye plasta, mzee aliandika kwa chaki ngazi iko kwa nani. Ikirudi alifuta kwa kiganja. Miaka na miaka ya kufuta ikaacha pale doa jeupe la ukubwa wa sinia. Yule wa geti alipoihitaji alimtuma mtoto, mzee akampa, na kwenye plasta akaandika "Ukuta". Hilo ndilo jina alilomwita mpaka walipopatana.

Walipatanishwa na mafuriko. Desemba 2011 Mto Msimbazi ulifurika, zaidi ya watu arobaini wakafa jijini, na wenzetu wa Suna kule bondeni wakapanda juu usiku na magodoro yaliyolowa kichwani. Mzee alifungua chumba cha mbele, kikajaa, akafungua ukumbi, ukajaa. Kisha akachukua ngazi, akaiegemeza kwenye ule ukuta, akapanda na kugonga juu ya geti kwa upande wa ndani huku akisema, "Jirani, wewe una baraza kubwa na mimi nina watu." Familia tatu zililala kwa Ukuta wiki nzima. Ndiyo maana nikisikia watu wanalalamika kwamba mageti na maghorofa yameua ujirani huwa sikubali. Mageti yamerahisishia wavivu kazi, basi. Mzee alikuwa na geti mlangoni kwake pia miaka ya mwisho, watoto walimwekea kwa hofu ya vibaka. Mchana lilikuwa wazi limezuiwa kwa jiwe.

Mpira niuseme kwa ufupi, maana nikianza sitamaliza. Yeye Simba, mkewe Yanga. Novemba 1993 Simba ilipofungwa mbili bila na Stella Abidjan kwenye fainali ya Kombe la CAF hapahapa Uwanja wa Taifa, alirudi kwa miguu na hakula siku mbili, na mama hakumcheka. Deni hilo alililipa mwaka 2023, Yanga walipoifunga USM Alger moja bila kwenye marudiano ya fainali kulekule Algiers na kombe likabaki huko kwa sheria ya bao la ugenini. Mama alijifungia chumbani. Mzee, na miaka yake sabini na kitu, akawasha jiko la mkaa, akapika wali wa nazi, akauweka mlangoni na kukaa chini akisubiri afungue.

Makaburini, udongo ulipokwisha kusawazishwa, kijana mkubwa alisimama akasema yale yanayosemwa: kama kuna mtu anamdai marehemu, au marehemu alikuwa akimdai, atuone sisi wanafamilia. Watu kimya. Jioni muuza chapati wa kona akafika nyumbani. Chapati tatu na maharage za Ijumaa, shilingi elfu tatu. Wakamtazama kidogo. Akasema mzee mwenyewe alimkataza asije akamsamehe deni hata siku moja, akimwambia biashara yake ina watoto. Alilipwa, akahesabu, akazifunga kwenye pindo la khanga, ndipo akaanza kulia.

Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango wa mbele, nikatazama plasta. Neno moja lilikuwa limebaki pale, kwa mkono uliotetemeka: "Mwandishi". Nilikuwa nimeichukua ngazi wiki mbili kabla, kwa ajili ya bati langu la jikoni, na bati lenyewe sijaligusa.

Kesho yake niliibeba nikaipeleka. Mama yuko eda, miezi minne na siku kumi, kwa hiyo nilisimama ukumbini nikaongea na pazia. Nikasema, mama, nimeleta amana ya mzee. Kimya kidogo, kisha akajibu kwamba ndani kwake sasa kuna wanawake na watoto tu, hakuna wa kumfungulia mlango kila anayekuja kuazima, niirudishe kwangu. "Na watu waandikie kwako," akasema.

Basi ngazi iko kwangu, imeegemea ukuta wa kulia ukiingia. Mwenye bati linalovuja aje, ila si baada ya isha. Kipago cha tatu akikanyage pembeni. Chaki nimeiweka juu ya fremu ya mlango.