MAMENEJA WA WASANII, ACHENI KUTUTUPIA MAFAILI!

Wadau, leo sitaji majina, wenyewe wanajijua. Yupo meneja mmoja hapa mjini, msanii wake anapigwa redioni kila saa. Wimbo ukitoka, anatutupia watu wa blogu barua pepe moja: wimbo, picha nne nzito na wasifu kwenye faili la Word. Salamu hakuna, wala mstari wa kusema humo ndani kuna nini. Tufungue tu!

Jamani, hiyo ni promo au adhabu?

Kwanza bando. Faili likiambatanishwa linavimba kwa karibu theluthi moja, kwa jinsi linavyogeuzwa ili lisafiri kwenye barua pepe. Mzigo wa MB 15 unakuwa kama MB 20. Weka linki, anayetaka atashusha.

Pili usalama, na hapa sicheki na mtu. Mei 2000 kilitoka kirusi Ufilipino, kinaitwa ILOVEYOU. Kilikuja kama barua ya mapenzi, faili LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs. Windows ilikuwa inaficha zile herufi za mwisho, watu wakaona TXT wakadhani ni maandishi tu. Ukibonyeza, picha zako za JPG zinaharibiwa, nyimbo za MP3 zinafichwa, halafu kinajituma chenyewe kwa watu wote kwenye kitabu chako cha anwani. Yaani kilifika kwa jina la mtu unayemfahamu! Mwaka mmoja nyuma, 1999, Melissa alipita ndani ya faili la Word. Word hiyohiyo mnayotuandikia wasifu.

Sasa meneja, ukituzoesha kufungua kila faili bubu kwa sababu limetoka kwako, siku tapeli akiiba nywila yako tutafungua na la kwake.

Tatu, anwani zetu zote umeziacha wazi, kila mtu anaona ya mwenzake. Sehemu ya BCC imewekwa ya nini? Mmoja wetu akiingiliwa, tapeli kapata orodha nzima, na anajua wote tunasubiri wimbo kutoka kwako.

Najua mtasema hata linki zina mitego. Kweli kabisa, ndiyo maana iandikie maelezo, na mwenye shaka akupigie simu. Ila linki ukikosea unaifunga. Faili ukishalituma, hulirudishi. Halafu mnalia wimbo umevuja kabla ya siku yake, wakati mmewagawia nakala watu mia!

Kuna chipukizi wasio na meneja wanatuma mistari mitatu na linki moja: jina, wimbo, namba ya simu. Hao tunawapandisha siku hiyohiyo. Nyie wenye ofisi na viyoyozi mnashindwa nini?

Wadau, nimekosea wapi? Shusheni maoni hapo chini.